Mita Mia Tatu Kusini

Kitengela,
9 Septemba 2002

Kyule, mwana wa mwaitu,

Ndugu yangu, bahasha hii usiikunje. Ndani iko nakala niliyochora kutoka kwa ramani ya zamani ya huko Mpandani, na juu yake nimekuwekea kile ulichoniomba: mahali pa juu ambapo zile nyumba ishirini na sita zinaweza kuhamia.

Nilichukua picha za ndege za 1969 na zile za 1994, nikaziweka chini ya miwani yangu ya mezani. Unajua vile inafanya kazi. Unaweka picha mbili zilizopigwa kandokando, unatulia, na baada ya muda ardhi inainuka kutoka kwa karatasi, miti inasimama, mabonde yanazama. Kijiji chako nimekizunguka hivyo wiki mbili. Bahari imekula mita mia moja na arobaini kwa miaka ishirini na mitano. Mwaka wa 1969 kulikuwa na msikiti katikati ya nyumba. Kwa picha ya 1994 pale pana povu tu. Hiyo safu ya mbele unayoniambia watu wanalala ndani yake haina miaka mingi.

Sasa nyuma ya kijiji kuna tuta refu la mchanga wa kale, limefunikwa na kichaka. Hapo ndipo ninapotaka waende. Nyuma ya tuta kuna mahali tambarare, peusi kwa picha. Rangi yake siipendi, na tena Mto Tana hauko mbali. Usipite tuta. Namba za pembe nne za hilo tuta nimeziandika nyuma ya nakala.

Mimi niko, lakini sitaki kusema nimetulia. Tangu ofisi ya ramani ituachishe kazi, mwaka wa pili huu, siwezi kukaa dakika kumi. Nafagia mahali nimeshafagia. Meza ya chakula ndiyo ofisi, tunakulia magotini. Kila wiki ua mpya unasimama hapa Kitengela mahali pundamilia walikuwa wanapita, na mimi natoka kwenda kuuangalia kama mtu aliyetumwa. Kwa hivyo nakushukuru kwa kazi hii. Kabla hujapiga kigingi hata kimoja, tembea hapo na wenyeji. Waulize.

Dada yako,
Mwelu

*

Mpandani,
2 Oktoba 2002

Mwiitu wa mwaitu,

Dada yangu, barua yako ilifika Garsen kwa basi na ikakaa siku sita ikingojea mtu wa kuja huku. Hapa hakuna simu, hata ukipanda juu ya mti.

Ile nakala yako imenifanya mtu mkubwa. Nilikuja na mashine ya GPS mkononi, ndogo kama redio ya mfukoni, na wazee wakauliza inafanya nini. Nikawaambia inaongea na satelaiti juu mbinguni, na inajua tulipo kwa hatua chache. Nikaingiza namba zako nne moja baada ya nyingine, mashine ikatuonyesha njia, tukafuata kwa panga ndani ya kichaka. Tulipiga vigingi vyote kwa siku mbili. Vimesimama mstari, ungeviona ungefurahi.

Watu wote wamekubali kuhama. Mzee Komora ndiye aliyewashawishi. Yeye ni fundi wa milango, mtu wa heshima sana. Aliweka mkono kwa kigingi cha kwanza akasema, "Hiki kimeletwa na nyota." Mke wake, Bi Mwanajaa, ana maneno mengi, lakini wamama wa hapa wanapenda kubishana, nimezoea.

Mradi ulioniajiri kupima huku unataka nyumba zisimame kabla ya Januari kwa sababu wageni wanaotoa pesa wanakuja kuziona. Nikimaliza hii vizuri wameniahidi vijiji vingine vinne. Nyumbani nitarudi na viatu vya maana.

Salimia Fosiya wa duka la vitambaa. Mwambie binamu yake wa Garsen ndiye anatuuzia unga, na ni mtu mzuri.

Kyule

*

Kitengela,
20 Novemba 2002

Kyule,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyohitaji. Umenieleza vile mashine ilikupeleka, hujanieleza ulifika wapi.

Nijibu haya. Mlipokuwa mkienda, mlipanda? Tuta hilo si mlima, lakini lina mita nne au tano, na mguu unajua unapopanda. Udongo wa hapo ni mchanga mweupe au ni mweusi? Kigingi kiliingia kirahisi au kilishika? Na huyo mama mwenye maneno mengi alikuwa anasema nini hasa?

Labda ni mimi tu. Mvua fupi imenyesha hapa na ardhi yetu nyeusi imekuwa gundi. Niliamka na kiatu kimoja kimebaki langoni, kimesimama wima ndani ya matope kama kuna mtu amekivaa. Nikifikiria udongo wa nyumbani nafikiria wa kwako.

Nimepata kazi nyingine ndogo. Parsaoti, yule jirani yetu wa upande wa mtoni, ana kesi ya mpaka itakayosikizwa Kajiado mwaka ujao. Bikoni yake moja, ile nguzo fupi ya mpaka, haionekani na mwenye ploti ya pili anasema haijawahi kuwako. Nitamtafutia kwa ramani.

Jibu maswali yangu, Kyule. Usijibu mengine.

Mwelu

*

Mpandani,
14 Januari 2003

Dada,

Pole kwa kuchelewa. Tumekuwa na kazi mchana kutwa.

Nyumba ishirini na sita zimesimama, kuta za udongo, paa za mabati. Wageni walikuja na gari tatu wakapiga picha, wakanishika mkono. Mzee Komora aling'oa mlango wa nyumba yake ya zamani huko ufuoni, ule aliouchonga mwenyewe akioa, akaubeba yeye na shemeji zake mpaka huku. Sasa ndio mlango mzuri kuliko yote kijijini.

Kuhusu udongo, ni mzuri. Unashika nguzo vizuri sana. Hatukuhitaji mawe.

Wasiwasi wako naujua tangu utoto. Mama akichelewa sokoni Mashuuru wewe ulikuwa unasimama barabarani mpaka anatokea. Alikuwa anatokea kila mara.

Kyule

*

Kitengela,
8 Aprili 2003

Kyule,

Soma hii umesimama, kisha nenda ukawaambie watu. Nimejaribu njia nyingine pia. Fosiya amenipeleka kwa ile redio ambayo wafanyabiashara wenzake wanatumia kuongea na Garsen, na binamu yake ameahidi kutuma mtu kwako leo hii. Lakini kwa redio nilikuwa na dakika tatu na watu walikuwa wananingoja nyuma. Hapa nakueleza yote.

Jumamosi nilienda na Parsaoti kutafuta bikoni yake. Nilikuwa nimeazima GPS kama yako kutoka kwa mtu tuliyefanya naye kazi. Nikaingiza namba za bikoni kutoka kwa ramani ya zamani, mashine ikatupeleka. Ilitupeleka hadi katikati ya boma la watu wengine, ndani ya zizi la ndama. Nikamwambia Parsaoti tuchimbe. Mwenye boma akatoka kutuangalia. Parsaoti akasema, "Mama, si hapa."

Nikamwambia mashine inasema ni hapa.

"Hiyo mashine ilizaliwa lini?" Akanishika mkono akanipeleka upande wa kusini, na kidogo mashariki, tukapita mtaro na miti ya miiba, akapiga mguu chini ya kichaka. Bikoni ilikuwa pale, imeegemea. Alisema alipokuwa mtoto alikuwa anaketi juu yake akichunga. Amekuwa akijua wakati wote. Alinitaka mimi niijue kwa karatasi, ndio korti ya Kajiado imwamini.

Nikapima kutoka zizini mpaka pale. Mita mia tatu kusini, na karibu mia moja mashariki.

Kyule, ramani zetu za zamani na satelaiti hazianzi kuhesabu dunia mahali pamoja. Namba ni zile zile, mahali ni tofauti. Kwa mashine kuna mahali pa kuchagua ni hesabu gani unatumia. Uliingiza namba za ramani ya zamani na ukaacha mashine ihesabu kwa njia yake. Vigingi vyako vimeenda mita mia tatu kaskazini ya pale nilipochora. Haviko juu ya tuta. Viko nyuma yake, pale peusi. Nimepaangalia tena jana chini ya miwani mpaka macho yakalia. Ni mkondo wa zamani wa mto. Ukiangalia vizuri unaona unapinda kutoka Tana mpaka huko, kama kovu.

Mvua ndefu imeanza huku juu. Maji ya Tana yanatoka milimani, yatafika kwako wakati kwako kuna jua.

Watoe. Tuta liko kusini yao, mwendo wa dakika tano. Usingoje mradi.

Mwelu

*

Mpandani,
21 Aprili 2003

Dada,

Mjumbe wa Garsen alifika tarehe tisa, jioni, kwa baiskeli. Barua yako imefika leo. Nakuandikia mambo kwa vile yalivyokuwa, na ukimaliza kusoma unaweza kunichukia.

Uliuliza Bi Mwanajaa alikuwa anasema nini. Siku tulipopiga kigingi cha kwanza alikuja na mundu wake, akakaa chini, akachimba kwa mkono. Akanionyesha udongo mweusi ndani ya kiganja. Alisema, "Mwanangu, haya ni mapito ya maji. Bibi yangu alivuka hapa kwa mtumbwi akienda kuolewa." Nikamwambia mama, satelaiti inaona kutoka juu, wewe unaona kutoka chini. Watu walicheka. Mumewe alicheka pia. Uliponiuliza nilikuwa nimeshaandika ripoti kwamba wenyeji wote wamekubali. Na ni kweli hatukupanda, Mwelu. Nilijua hatukupanda. Nilijiambia tuta lenyewe ni dogo, mguu hauwezi kulisikia.

Ujumbe wa redio ulipofika sikumwambia mtu siku nzima. Tarehe kumi nilizunguka zile nyumba nikijifanya nakagua kuta. Niliingia kila moja. Walinipa chai. Jioni nikamwendea Bi Mwanajaa peke yake, alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia. Hakuinua macho. Akasema, "Sasa kawaambie na wale waliocheka."

Niliwaambia asubuhi yake, wote wakiwa wamekaa. Nikasema makosa ni yangu, si ya satelaiti. Mzee Komora akasimama. "Tumevunja nyumba zetu za ufuoni kwa neno lako. Tumejenga hapa kwa neno lako. Miezi minne haijaisha, unataka tuhame tena kwa neno lako. Je, mashine iliyotuleta siyo hii hii inayotutoa?"

Mpaka leo nyumba kumi na saba zimehamisha watu na vyombo mpaka tuta. Tumejenga vibanda vya makuti. Nyumba tisa zimekataa. Mradi umeniandikia nisimamishe kazi yote hadi mkaguzi aje mwezi wa sita. Sijasimama. Bi Mwanajaa alipanda na binti zake siku ya kwanza, na kila siku anashuka kumpelekea mumewe chakula. Anaweka sahani mlangoni, hawasemezani.

Hapa jua ni kali. Hiyo ndiyo shida. Hakuna wingu hata moja.

Kyule

*

Kitengela,
3 Mei 2003

Kyule,

Redio inasema Tana imejaa huko juu na inashuka. Hapa kwetu mto wetu mdogo umevuka barabara, magari ya Kajiado yamelala upande ule. Fosiya amejaribu Garsen siku mbili, haipatikani.

Sijakuchukia. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwelu

*

Mpandani,
19 Mei 2003

Mwiitu wa mwaitu,

Niko hai. Barabara ndiyo imefunguka.

Maji yalikuja tarehe sita baada ya sala ya adhuhuri. Hayakuja kwa kelele vile nilivyodhani. Yalitokea katikati ya uwanja, palikuwa pakavu, mara pakang'aa. Watoto walikimbilia kuyacheza. Kufikia alasiri yalikuwa magotini, na yalikuwa yanakwenda, si ya kusimama.

Wiki hiyo nyumba nyingine tano zilikuwa zimepanda, kwa hivyo chini zilibaki nne. Tulifunga kamba kutoka mti wa kwanza wa tuta, tukashika mikono, tukawatoa. Kina mama kwanza, na wazee. Mzee Komora alitoka na sisi. Nilimshika mimi mwenyewe, nilimfikisha juu, akaketi. Bi Mwanajaa alimfunika kwa leso yake.

Kisha nikashuka kumchukua mama mwenye mapacha. Niliporudi Mzee Komora hakuwa pale. Wanasema alitazama chini akaona maji yamefika kwa ule mlango wake. Akasema anaenda kuutoa kwa bawaba, utaelea, atauvuta kwa kamba. Watu wawili walimzuia, akawaambia ameutundika yeye, anajua kuutundua.

Tulimpata siku ya tatu. Mlango haukuonekana.

Watu wengine wote wako hapa juu, watu mia moja na thelathini na wawili. Nimewahesabu kila asubuhi, sijui kwa nini naendelea. Nyumba ishirini na mbili zimeanguka. Zilizobaki zina maji mpaka dirishani. Tuta halikuguswa, Mwelu. Ulilichora sawasawa. Ukisimama juu yake unaona maji pande zote mbili, ya chumvi kusini na ya mto kaskazini, na sisi katikati.

Mkaguzi wa mradi alikuja kwa helikopta. Nilimpa ripoti ya kurasa mbili. Nimeandika kwamba nilipewa ramani sahihi na nikaitumia vibaya, na kwamba nilionywa na mwenyeji nikampuuza. Nikatia sahihi. Ameniambia kazi yangu imekwisha na labda kutakuwa na mashtaka. Hakuniuliza jina lako na sikulitaja.

Bi Mwanajaa hajanisemesha tangu maziko.

Kyule

*

Kitengela,
2 Juni 2003

Kyule, mwana wa mwaitu,

Umeandika kwamba ulipewa ramani sahihi. Hukupewa.

Kila ramani ya zamani ina maandishi pembeni, chini, kwa herufi ndogo. Hapo ndipo panasemwa ramani hiyo inahesabu dunia kutoka wapi. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii anapaangalia kwanza. Mimi nimewafundisha watu kupaangalia, miaka kumi na saba. Siku ile ya Septemba nilinakili hata hayo maandishi. Kisha nikaenda posta na karatasi ikakataa kuingia kwa bahasha. Kulikuwa na foleni, karani alikuwa anataka kufunga. Nikaazima mkasi wake nikakata pembeni, kotekote, nikavitupa vile vipande kwa pipa lake. Nilifikiria, Kyule ni mpimaji, atajua.

Nilijua kosa hilo tangu siku ile ya zizi la ndama. Nikiwa bado nimesimama kwa kile kichaka cha Parsaoti niliona ule mkasi. Na bado nikakuandikia, uliingiza hivi, uliacha vile. Nilikuachia yote. Kisha ukaandika ile ripoti na jina langu hukulitaja, na nimekaa na barua yako wiki nzima ndani ya hii nyumba nikitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Parsaoti alishinda kesi yake Kajiado akaniletea maziwa ya kunishukuru. Nilishindwa kuyanywa.

Leo asubuhi nimepeleka barua kwa mradi, kurasa tatu, na ramani ya mfano kuonyesha nilichokata. Nakala moja ni hii. Waniite kama wanataka kuniita.

Ijumaa napanda basi. Usiniambie njia ni mbaya. Nimechora pwani nusu ya maisha yangu na sijawahi kuikanyaga. Huyo mama atasikia kutoka kwangu mimi mwenyewe.

Mwelu

*

Kitengela,
11 Julai 2003

Kyule,

Nilifika salama, na nimechelewa kukuandikia. Vumbi tu, na mgongo.

Ulinisindikiza mpaka Garsen na hatukuongea sana, kwa hivyo acha niseme hapa. Nilipokuja nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Niliposimama mbele ya wale watu na kueleza habari ya mkasi, nilitaka mtu apige kelele. Hawakupiga. Mzee mmoja aliuliza, "Karatasi yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani iliyokatwa?" Nikamwonyesha kwa vidole viwili. Alivitazama vidole vyangu muda mrefu, na wengine wakavitazama. Hilo sitalisahau.

Bi Mwanajaa alikaa amenipa mgongo siku zote tisa. Kile usichokijua ni hiki. Asubuhi ya kuondoka, wewe ukifunga mizigo, alinijia kisimani. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Hizo picha zako za ndege, nyumba yetu ya pale ufuoni imo?" Nikamwambia nitaangalia. Akachota maji akaenda.

Nimeangalia. Imo. Ni picha ya Februari 1994, nyumba ya nne kutoka mashariki. Nimeikuza mara sita, haiwezi kwenda zaidi bila kuharibika. Paa linaonekana, ua unaonekana, mnazi mmoja, na upande wa magharibi wa nyumba pana kivuli. Nimeizungushia duara la penseli. Pembeni mwa picha utaona saa ndogo, hiyo ni saa ya ndani ya ndege, inapigwa picha pamoja na ardhi. Inasema saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi.

Mpe. Mweleze kwamba kutoka juu vile, mtu haonekani. Nisingependa atafute asichoweza kupata. Mwambie hivyo kwa upole lakini mwambie.

Mradi umenijibu. Hawatanipa kazi tena, na mashtaka hakuna, si yangu si yako. Watajenga upya juu ya tuta, na wamekubali vigingi vipigwe mbele ya wenyeji. Nasikia umekataa kurudi nyumbani. Mama ananiuliza utakula nini.

Mwelu

*

Mpandani,
4 Agosti 2003

Mwiitu wa mwaitu,

Mwambie mama nakula kwa zamu, kila nyumba siku yake. Leo ni zamu ya mwenye mapacha.

Tumepiga vigingi kumi na tisa. Siku hizi naenda na mashine mkono mmoja, na mbele yangu wako wamama wanne na mundu. Wanachimba kwanza. Wakisema hapana, sipigi, hata mashine ikisema ndiyo. Mara mbili wamekataa, na mara moja nimekataa mimi, tukabishana mpaka jua likatuchosha. Kazi inakwenda polepole sana. Mvua fupi ikija kabla ya paa sijui itakuwaje, na ukiniuliza kama nina wasiwasi, ndiyo.

Picha nilimpelekea Bi Mwanajaa Alhamisi. Alikuwa nje ya kibanda. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia niketi. Nilimweleza lile duara, na kusini ni wapi, na kaskazini. Hakuhitaji. Aliigeuza mwenyewe ikawa sawa na nchi, akaanza kutaja nyumba moja moja kwa majina ya wenyewe, mpaka akafika yake. Nikamsomea ile saa.

"Saa nne," akasema. "Mwezi wa pili."

Alifikiria. Kisha akaweka ncha ya kidole upande wa magharibi wa nyumba, kwa kile kivuli ulichoniandikia.

"Asubuhi alikuwa anapigia randa hapa. Jua likiwa upande ule, hapa pana baridi. Alikuwa hatoki hapa mpaka nimwite kula."

Nikamwambia vile uliniagiza, kwa upole, kwamba picha ya namna hii haiwezi kuonyesha mtu.

"Sikuuliza inaonyesha nini," akasema. Kidole chake hakikuondoka pale. "Nakwambia alipo."

Ndugu yako,
Kyule